Kinyozi Kwenye Shimo la Tisa

Huguette alikuwa katikati ya kusuka kichwa cha mteja wakati Belinda alipoingia saluni na mwavuli unaochuruzika maji. Akasimama mlangoni, maana hapakuwa na pa kusogea. Saluni yenyewe ni chumba kirefu chembamba katika mtaa wa pembeni katikati ya jiji la Durban, kimebanwa kati ya duka la simu la Ameir na duka la Mhindi mmoja anayeuza vitambaa.

"Mama Huguette," Belinda akasema kwa Kiingereza, "wamekubali. Mwaka huu gofu ni yenu."

Huguette hakuacha kusuka. Alivuta nywele, akaunga uzi, akashuka na mstari mpaka kisogoni. "Mungu asifiwe," alisema. "Ngoja nimalize huu mstari, nisije nikampotosha mtoto wa watu."

Ndivyo alivyo Huguette. Habari njema na habari mbaya huzipokea kwa sura ileile, kisha baadaye, akiwa peke yake anaosha vitana, ndipo furaha au uchungu humfikia.

Belinda ni mzaliwa wa Sydenham, kitongoji cha Durban, na anafanya kazi katika ofisi ya klabu moja ya gofu, akishughulikia harusi, mikutano na mashindano. Kila mwaka, kabla ya Krismasi, klabu hualika makampuni kwa siku moja ya mchezo. Kila kampuni hulipia timu yake, jioni watu hula pamoja na kutoa kila mmoja kwa moyo wake, na fungu lote huenda kwa kazi ya vijana wasio na mbele wala nyuma. Miaka yote fungu hilo lilikuwa linakwenda kwa mashirika yenye majina makubwa. Mwaka huu Belinda alikuwa ameitajia kamati jina dogo: Mikono, mafunzo ambayo Huguette anayaendesha kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa huko Sydenham.

Mikono haikuanza kwa mpango wowote. Huguette ni mtu wa Uvira, Kongo, binti wa mwalimu wa shule ya msingi. Vita vilimtoa kwao akiwa bado msichana, akapita Kigoma, akapita Msumbiji, akafika Durban na mume wake Ruphin na mtoto mgongoni, Tina. Ruphin alianza kwa kulinda magari ya watu kule Berea, akiwaelekeza kwa mkono namna ya kuegesha. Huguette alikaa juu ya kreti la soda karibu na soko, akasuka nywele za wapita njia jua likimpiga utosini. Mambo yakaja polepole, kama yanavyokuja kwa watu wengi wa aina yao: kwanza mwavuli, kisha kona ya saluni ya mtu mwingine, kisha saluni yake mwenyewe. Ruphin naye akapata pikapu ndogo ya kuhamishia watu vyombo. Tina akakua, akasoma, akaolewa Johannesburg.

Sasa vijana wa mtaani walikuwa na tabia ya kuegemea ukuta wa saluni. Walikuwepo Wakongomani waliomaliza shule lakini karatasi zao zilizunguka maofisini bila kurudi, na walikuwepo Wazulu ambao karatasi zao zote zilikuwa sawa ila kazi hakuna. Wote waliegemea ukuta mmoja. Huguette alichoka kuwaambia wapishe wateja. Siku moja akampa mmoja wao kitana, akamwambia, "Kama unasimama, simama ukifanya kitu." Wa pili akaomba naye afundishwe. Walipojaa kiasi cha kuwazuia wateja kuingia kabisa, mchungaji wa Sydenham akawapa ukumbi. Ameir, Mzanzibari mwenye duka la simu, akaja kufundisha kutengeneza simu. Alikuja akilalamika, na analalamika mpaka leo, lakini hajakosa Jumamosi hata moja isipokuwa sikukuu ya Idi.

"Kuna jambo moja," Belinda akasema mstari ulipokwisha. Alilisema taratibu, akitazama mwavuli wake. "Kamati inaomba kijana mmoja asimame jioni, baada ya chakula, aeleze maisha yake. Mwenyekiti anasema watu hawatoi mpaka waone uso. Wamemtaja Diane."

Diane alikuwa mwanafunzi wa siku nyingi wa Mikono, msichana mrefu mwenye sauti ya chini, hodari wa kunyoa kuliko wote. Alikuwa pale pale, anafagia nywele sakafuni. Ufagio ulisimama, kisha ukaendelea.

"Mimi niko tayari," alisema. "Kama ni kwa ajili ya ukumbi."

Yaliyompata Diane baada ya mama yake kufariki, na sababu ya kulala kwenye ngazi za jengo la watu msimu mzima wa baridi, ni yake mwenyewe, na hapa hayatasimuliwa. Inatosha kusema kwamba Huguette anayajua, Belinda aliyasikia nusu, na kamati ilisikia robo ya hiyo nusu ikaona yanafaa.

Jumamosi iliyofuata Diane alimnyoa kijana mmoja pale ukumbini, na laini ya mbele, ule mstari wa nywele juu ya paji, ikapinda kama njia ya kupanda mlima. Haikuwa kawaida yake. Alipojaribu kuinyoosha akazidi kuipandisha, mpaka yule kijana akaomba kioo kwa wasiwasi. Huguette akachukua mashine, akamaliza mwenyewe, akamtoa Diane nje kwenye ngazi za kanisa.

"Iko nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, Maman."

"Mkono wako unasema iko kitu."

Diane alitazama barabarani. Upande wa pili wa barabara mwanamke mmoja alikuwa anaanika nguo kwenye kibaraza. "Nafanya mazoezi usiku," akasema mwishowe. "Nayasema mbele ya kioo. Nikifika pale pa mama, sauti inakwisha. Basi nimeamua, hiyo siku nitafumba macho. Nitayasema yote nimefumba macho, halafu nikae."

Huguette alimsogelea. Alimpapasa mgongo, akarudi ndani.

Usiku alimweleza Ruphin, naye Ruphin akaacha kula. Wote wawili walikuwa wanafikiria kitu kimoja. Mwaka wao wa kwanza Durban, watu fulani wa msaada waliwagawia blanketi, na mama mmoja mwenye kamera, mpole sana, alimwomba Huguette aeleze njia aliyopitia. Huguette alieleza, na akieleza akalia. Miezi ikapita. Siku moja, wakishuka kituo cha basi na mzigo kichwani, waliuona uso wake ukutani, mkubwa kama mlango, umelowa machozi, mdomo wazi, na chini yake maneno ya Kiingereza ambayo wakati ule hakuweza kuyasoma. Ruphin alitaka kuibandua ile picha. Yeye alimvuta mkono wakaenda zao. Tangu hapo wakawa wanapita njia ya kuzunguka. Hata hivyo, sokoni kuna mtu alimwita: "Wewe si yule wa ukutani?"

"Hawakutudanganya," Huguette alisema. "Blanketi walitupa, na lilikuwa zuri. Tina amelilalia mpaka amekuwa mkubwa."

"Lilikuwa zuri," Ruphin akakubali. "Lakini nilikuwa nikilitazama naona ule ukuta."

Kesho yake Huguette alimwambia Ameir kwamba Diane hatasema. Ameir aliweka chini bisibisi yake, akavua miwani. "Mama Tina, mwomba chumvi huombea chungu chake. Sisi ndio tunaomba. Ukumbi unavuja, mashine za kunyolea ni mbili, na zote zimezeeka kuliko mimi. Dakika tano tu za maneno, mambo yanakwisha."

"Chumvi nitaomba, Ameir. Lakini sitafunua chungu kila mtu achungulie tunapika nini."

"Na wakikataa?"

"Wakikataa, tutakula bila chumvi. Si tumezoea?"

Ameir akavaa miwani yake. Akachukua tena bisibisi, akasema bila kuinua kichwa, "Basi usiende mikono mitupu. Ukimnyima mtu kitu alichokitaka, mpe kingine ashike." Huguette akaondoka na neno hilo, akalitafuna siku mbili nzima.

Mwenyekiti wa kamati aliitwa Moodliar, mzee aliyetajirikia kwenye biashara ya vigae. Aliwapokea Huguette na Belinda kwenye baraza la klabu, mbele ya majani yaliyokatwa yakalingana kama zulia. Hakuwa mtu mbaya. Alimvutia Huguette kiti, akaagiza chai, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mama, ninakuelewa," alisema. "Lakini kazi hii nimeifanya miaka mingi. Watu wanakuja, wanacheza, wanakula nyama, wanaanza kutazama saa. Kama hakuna kitu cha kuwagusa, wanakwenda nyumbani. Wewe unataka niwaguse na nini?"

"Na mikono," Huguette akasema.

Mzee hakuelewa. Ndipo Huguette akaeleza alichokuwa amekifikiria, kwa Kiingereza chake cha sokoni ambacho kila siku humtosha mpaka anapokuwa mbele ya watu wenye tai. Belinda alikuwa amemwambia kwamba njia ya kupigia mpira hadi shimo la tisa ni fupi lakini ngumu, ina bwawa mbele yake, na kila kundi hukwama hapo likingoja lililotangulia. Pana nyumba ndogo ya matofali, wachezaji hununua soseji na vinywaji, hukaa, hupiga soga. Basi waacheni vijana wa Mikono waweke viti vyao pale. Anayengoja anyolewe. Mwenye simu iliyopasuka kioo atengenezewe. Wasiulizwe lolote na wasisimulie lolote, ila wapendavyo wao.

"Unataka kufungua kinyozi kwenye uwanja wangu wa gofu," Moodliar akasema.

"Siku moja tu, Bwana."

Alicheka, si kwa dharau, bali kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua itanyesha kuelekea juu. Belinda akaingia kati, akasema mahali papo, umeme upo, na makampuni mengine yanaweka meza za mvinyo kwenye mashimo mengine, kwa nini wenye siku yao wasiwe na meza. Mzee alijikuna kidevu. Nywele zake chache alikuwa amezilea upande mmoja, akazivusha juu ya kipara mpaka upande wa pili, na upepo wa pale barazani ulikuwa unazisumbua.

"Sawa," akasema. "Lakini jioni mtu lazima aseme. Asiposema msichana, utasema wewe."

Huguette aliweka kikombe chini. Hakuwahi kusema mbele ya watu zaidi ya wale wa jumuiya ya kanisani, tena kwa Kiswahili. "Nitasema," akajibu, maana alijua hapo ndipo bei ilipoishia.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa kumi na moja, jua kali na hewa nzito. Ruphin alipakia viti, vioo na meza kwenye pikapu. Vijana wakapanda nyuma wamevaa fulana nyeupe walizoandika wenyewe neno MIKONO kwa rangi, kila mmoja kwa mwandiko wake. Mthokozisi, kijana wa Kizulu aliyekuwa fundi mkuu wa simu baada ya Ameir, aliimba njia nzima. Diane alishika kioo kikubwa mapajani, na kila waliposimama kwenye roboti, zile taa za barabarani, watu wa magari mengine walijitazama humo wakarekebisha kola zao.

Walipanga viti ndani ya ile nyumba ya matofali na nje yake kwenye kivuli. Mchezo ukaanza. Makundi yakaja, wanaume wenye kofia na wanawake wenye viatu vyeupe, wakaangalia vioo na mashine, wakatabasamu, wakanunua soseji, wakaenda zao. Asubuhi yote hakuketi mtu. Mmoja alitoa noti akaiweka mezani, akaondoka haraka kama aliyeiacha kwa bahati mbaya.

"Nilisema," Ameir akanong'ona. Hakuwa amesema, lakini hakuna aliyembishia.

Huguette alikuwa ameketi kwenye ukingo wa majani, amevua viatu. Ni jambo la ajabu kidogo kulisema, lakini hakuwa na huzuni. Miaka mingi sana alikuwa hajakaa saa nzima mahali penye kijani kitupu, pasipo mtu anayemwita jina lake. Hadada, wale ndege wenye midomo mirefu na sauti ya ugomvi, walikuwa wanachokoachokoa majani karibu naye bila woga. Akajiambia kwamba hata kama hakuna atakayenyolewa, vijana wamekuja, wameona, wamekula soseji.

Mteja wa kwanza aliletwa na bwawa. Jamaa mmoja mnene alipiga mpira ukatumbukia majini, akainama ukingoni kuutafuta kwa fimbo, na simu ikamtoka mfuko wa shati ikaufuata. Aliitoa inachuruzika. Mthokozisi alimfikia kabla hajaiwasha.

"Usiiwashe, baba. Nipe."

Akaifungua pale pale mezani, akatoa betri, akaanza kuikausha kwa brashi na spiriti sehemu moja baada ya nyingine. Watu watatu wa kundi la yule jamaa wakasimama kumzunguka, wakaacha zamu yao ipite. Simu ilipowaka walimpigia makofi Mthokozisi kuliko walivyompigia yeyote aliyepiga mpira vizuri asubuhi ile. Yule jamaa, kwa furaha, akajitupa kwenye kiti cha kunyolea, akasema kwa kuwa amekwisha kuchelewa, ndevu zake zipunguzwe.

Hapo wakaanza kuja mmoja mmoja. Na labda wangeendelea hivyo mpaka jioni, kidogo kidogo, kama si mbingu.

Baada ya saa sita wingu jeusi lilipanda kutoka upande wa bara. Upepo ukageuka baridi. King'ora kikalia uwanja mzima, mlio mrefu wa kuonya juu ya radi, na kwa sheria ya gofu king'ora kikilia kila mtu huacha fimbo zake na kukimbilia chini ya paa la kweli. Waliokuwa karibu na shimo la tisa hawakuwa na paa jingine. Walikuja mbio kutoka pande zote, wengine kwa miguu, wengine kwa vile vigari vyao vidogo, wakajazana ndani na viti, vioo, meza ya simu na jiko la soseji. Mvua ikashuka, radi ikapiga mahali karibu mpaka chuma cha dirisha kikalia. Umeme ukakatika.

Watu wakabanana gizani, kila mmoja akijaribu asimguse mwenzake, kama watu wasiojuana.

"Mashine zetu zinatumia betri," Diane akasema kwa sauti yake ya chini. "Mwenye kutaka, kiti kiko wazi."

Kicheko kikapita chumba kizima. Mthokozisi akawasha taa za simu zote zilizokuwa mezani, akazipanga kwenye fremu ya kioo. Wakaanza kukaa. Nje ilikuwa mvua ya mawe, ndani ilikuwa mlio wa mashine na harufu ya spiriti na soseji.

Moodliar aliingia wa mwisho, amelowa chapachapa. Zile nywele zake za kuvusha zilikuwa zimeanguka zote upande zilikotoka, zinaning'inia juu ya sikio mpaka begani. Hapakuwa na pa kukaa isipokuwa kiti cha Diane. Akakaa. Diane akamfuta kichwa kwa taulo, akamfunga kitambaa shingoni, akamtazama kwenye kioo.

"Uncle, nikuambie ukweli?" Durban vijana huwaita hivyo wazee wa Kihindi, kwa heshima.

"Sema."

"Hizi hazikusaidii. Zinakuchosha tu, kila upepo ukija unashika kichwa. Niruhusu nizitoe zote."

Watu wa timu yake waliangalia viatu vyao. Huguette, aliyekuwa anamalizia mteja kando, alizima mashine yake. Mzee alijitazama kwenye kioo, katika mwanga wa zile simu, kwa muda mrefu kidogo.

"Mke wangu alikuwa akiniambia hivyo hivyo," akasema. "Sikumsikiliza. Toa."

Diane akaanza. Kiti cha kinyozi kina tabia yake. Anayekikalia huanza kuzungumza bila kuulizwa, labda kwa sababu hatazamani uso kwa uso na anayemsikiliza. Mashine ilipokuwa inapita kisogoni, Moodliar alisema kwamba yeye alikulia Sydenham, si mbali na ule ukumbi wa kanisa, katika vyumba viwili vya kupanga na ndugu wengi. Alisema baba yake alikuwa kinyozi. Alikuwa akinyoa barazani siku za Jumapili, na yeye mdogo alipewa kazi ya kufagia, na aliona aibu shuleni kwa sababu nywele za watu zilimganda kwenye kaptula. Alisema hajakalia kiti cha mtu anayenyoa kwa mikono ya namna hii tangu baba yake alipokufa. Aliyasema haya yote kwa Diane, na nusu ya klabu ikasikia.

"Baba yako alianzia wapi, mbele au nyuma?" Diane akauliza.

"Nyuma. Daima nyuma."

"Basi alijua kazi," Diane akasema, akaendelea.

Naye mzee akamuuliza anataka nini maishani. Diane akamwambia. Hakumwambia habari za ngazi wala za mama yake. Alimwambia anataka duka lake mwenyewe, lenye kiti kimoja kinachopanda na kushuka, mahali ambapo msichana anaweza kuingia kunyoa kichwa bila wanaume kumkodolea macho. Alieleza rangi ya kuta. Alieleza hata mahali kioo kitakapokaa. Huguette alikuwa hajawahi kusikia habari za kuta hizo.

Mvua ilipopungua, hakuna aliyekimbilia fimbo zake. Uwanja ulikuwa umejaa madimbwi, na klabu ikatangaza kwamba mchezo umekwisha. Watu walibaki wakimalizia ndevu na masikio. Moodliar alitoka nje na kichwa kinachong'aa, akakipitisha mkono mbele na nyuma mara kadhaa, kama mtu anayepapasa kitu alichokiazima.

Jioni, kwenye ukumbi wa klabu, ulikuwa ukitazama meza moja moja unajua nani alikuwa shimo la tisa: wote walikuwa na laini moja, ya Diane. Waliokimbilia mahali pengine wakati wa mvua walikuwa wanalalamika kwamba wamekosa. Belinda alipomwita Huguette kusema, alifuta mikono kwenye gauni. Alisimama, akashika ukingo wa meza. Maneno aliyokuwa ameyaandaa kwa wiki mbili, mazuri, yaliyosahihishwa na Tina kwenye simu, yakamtoka yote.

"Good evening," alisema. Alimwona Ruphin karibu na mlango, amevaa koti la harusi ya binti yao. "Hawa vijana mmewaona. Mikono yao mmeiona. Jumamosi tunafungua saa tatu, Sydenham, karibu na kanisa. Mvua ikinyesha, paa linavuja, lakini kazi tunafanya. Karibuni. Asante."

Akakaa. Alidhani ameharibu. Alianza kukunja kitambaa cha mezani, ndipo yule jamaa mnene wa simu akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata.

Fedha zilizopatikana zilikuwa nyingi kuliko za mwaka uliotangulia, ingawa si nyingi kama Ameir alivyokuwa ameota. Wakirudi nyumbani vijana walilala mmoja juu ya mwingine nyuma ya pikapu, na mbele Ruphin aliendesha polepole kwa sababu ya madimbwi.

"Ulisema vizuri," alisema.

"Nilisahau kila kitu."

"Nilijua. Ndiyo maana ilikuwa fupi."

Huguette akacheka mpaka akafuta macho. Furaha ilikuwa imemfikia hapo ndani ya gari, na hakuwa na kitana cha kuosha.

Si kila kilichoahidiwa siku ile kilikuja. Kampuni moja ilisema italeta kompyuta, na mpaka sasa inasema. Mama mmoja aliyelia machozi kwenye meza ya Mthokozisi na kuandika namba yake ya simu hajapokea tena. Lakini paa la ukumbi limetengenezwa, mashine mpya zipo, na Mikono sasa inafungua siku za katikati ya wiki pia. Siku hizo Diane ndiye mkubwa wa ukumbi, analipwa, na Huguette hubaki mjini kwenye saluni yake kwa moyo mtulivu. Duka lenye kuta za rangi ile bado halijapatikana. Diane anaweka akiba, na habari hiyo husimulia mwenyewe, kwa anayetaka kusikia, akiwa amefumbua macho.

Mzee Moodliar huja mwanzoni mwa kila mwezi kunyolewa kichwa. Mara ya kwanza alipokuja, gari lake lilizuia njia, akaingia moja kwa moja mpaka kwenye kiti. Diane, akiwa na mashine mkononi na kijana wa watu amemnyoa nusu kichwa, akamwambia, "Uncle, leo kuna foleni."

Huguette, aliyekuwa amekuja kuleta taulo, alisimama nazo mlangoni. Mzee aliwatazama vijana waliokuwa wamekaa kwenye benchi. Wakasogeana, wakampa nafasi. Akaketi, akakunja miguu, akamuuliza wa kando yake anaitwa nani.

Huguette akaenda kumchemshia chai.